Mgomba wa Shangazi Leokadia

Kimwani, jioni

Mwanangu Kemilembe,

Nakuandikia ukiwa upande wa pili wa ukuta huu. Nawasikia wewe na mama yako mnabishana kama senene wakaangwe tena au wanatosha walivyo, na kama watu wa uwanja wa ndege wa huko watakubali kuwapitisha. Habari za sweta, dawa na simu sizigusi, mama yako anazimaliza. Mimi nina jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu walipokukubali, na kesho najua nitashindwa tena, gari likiwa linaunguruma na baba yako mkubwa Fidelis amesimama pale anasikiliza. Ndiyo maana naandika. Elimu yangu ni ya darasa la saba, utanisamehe nikirukaruka.

Kwanza ujue kwamba nilipokukatisha tamaa na ule ufadhili, sababu haikuwa umri wako.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza. Tulikuwa tunachambua kahawa kwenye mkeka, ukaniambia kuna nchi wanachukua wataalamu wenye kazi zao tayari, wanawagharamia mwaka mzima wakajifunze na wenzao. Nikakujibu, "Wewe una mume, una mtoto, una ofisi mjini Bukoba, leo unataka kwenda kukaa dawati moja na watoto?" Ukanieleza kwa upole kwamba hawataki watoto, wanamtaka mtu aliyekwisha kufanya kazi hadi akafika mahali pakamshinda. Na kwamba wewe mahali palipokushinda ni ule mnyauko wa migomba, umechoka kuwaambia wakulima wang'oe na kuchoma tu, huna la kuwapa baada ya hapo. Nikasema, "Haya, mtaalamu," kwa ile sauti yangu unayoijua. Ukainamia kahawa. Maombi ya mwaka ule hukuyatuma.

Mwaka uliofuata ukatuma bila kuniambia, wakakukataa. Ulikuja hapa macho yamevimba. Nilikupa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, lakini chini yake kulikuwa na shukrani. Nilikwenda kanisani Jumapili nikiwa mwepesi. Baba gani anashukuru mwanawe amekataliwa? Ni baba aliyewahi kumsindikiza mtu akaenda njia hiyohiyo.

Shangazi yako Leokadia unamjua kwa jina, na unaujua mgomba wake. Mtu mwenyewe hukumjua, ulikuwa hujazaliwa alipoondoka. Alikuwa dada yangu mkubwa, mkunga, na hapa Muleba wanawake wengi walijifungulia mikononi mwake. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza sentensi, hata akikugombeza, ukabaki hujui kama ugombezwe au ucheke naye. Naye aliomba masomo ya nje akiwa mtu mzima, amekwisha kufanya kazi miaka. Akachaguliwa. Tulimsindikiza hadi bandarini Bukoba, mimi nimebeba sanduku kichwani, najisikia kama ndiye ninayesafiri.

Aliandika mwanzoni. Halafu akaandika kwa nadra. Halafu akanyamaza.

Kimya kile kilikaa ndani ya nyumba hii kama mgeni asiyeaga. Mvua za vuli zikija Bibi yako anasema labda sasa. Za masika zikija, labda sasa. Mwishoni akaanza kumwota. Anasema Leokadia amesimama kibanjani katikati ya migomba, anafumbua mdomo na hautoki mlio, viatu amevishika mkononi. Akaugua. Hakula. Hapo wazee wa ukoo wakakaa, na Fidelis akiwa ndiye kaka mkubwa akaongea kwa niaba yao: Leokadia amekufa huko, hana kaburi, amerudi anatafuta pa kulala, tusipomlaza atamchukua mama.

Nawe unajua desturi yetu. Mtu akipotelea mbali, mwili usipatikane, anazikiwa mgomba. Wakaniagiza mimi nikaukate.

Nilipaswa kukata shina tu, juu ya ardhi, urefu wa mtu. Nikafika pale na panga, mvua imenyesha, udongo laini, nikautazama ule mgomba nikaona nikiukata hivi nitakuwa namzika dada yangu hana miguu. Sikuweza. Nikaweka panga chini, nikachukua jembe, nikaung'oa wote na tunguu lake la chini lenye mizizi. Nikaubeba begani. Wazee hawakuangalia, ulikwisha kuzungushiwa rubugo, lile gome la mti lililopondwa likawa nguo, tunalozikia watu wetu. Tukalia kama watu wanavyolia. Mama akapona. Kwa kweli akapona, wiki ileile alikula.

Mvua zilizofuata, kaburi likachipua.

Wewe ulipokuwa chuoni ulinieleza jambo hilo vizuri. Ulisema, "Tata, mlizika na tunguu. Lazima liote, hata ungelizika chini ya sakafu." Nilicheka na wewe, na nakubali ndivyo. Lakini siku ile Fidelis alipoliona chipukizi limetoka usawa wa kifua cha kaburi alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Wengine wakasema likatwe, wengine wakasema atakayelikata akate na mkono wake. Bibi yako akaja na jembe dogo, akawapita, akaanza kulipalilia.

Jambo ambalo sikukwambia, ni kwamba asubuhi za umande, kibanja kizima kikiwa kimeloa mpaka unalowa magoti kwa kupita, majani ya mgomba ule huwa makavu. Kama yamefutwa. Nimeyagusa mwenyewe mara nyingi kwa miaka hii. Pengine hilo nalo lina maelezo, na pengine huko uendako utakutana na anayeyajua. Mimi nimezoea tu, nagusa, nafanya ishara ya msalaba, naendelea na kazi.

Basi miaka ikapita, tukawa tunamsomea Misa za marehemu. Siku moja akaja padri mmoja wa kwetu, amerudi kutoka masomoni Ulaya, akaomba kuonana na Bibi yako peke yake. Bibi akasema na mimi nikae. Padri akasimulia kwamba alilazwa hospitali huko, asubuhi akapita mwanamke mweusi anasukuma ndoo ya kudekia anaimba chinichini. Padri akausikia wimbo, ni wa kubembelezea watoto wa huku kwetu. Akamsalimia Kihaya. Yule mwanamke akaitika kabla hajajizuia. Kisha akashika mdomo kwa mkono.

Padri akamuuliza kwao wapi. Akasema Kimwani. Akamuuliza jina, akasita, halafu akasema, "Baba, mimi ni marehemu. Walishanizika nyumbani. Kuna mtu wa Bukoba aliniandikia, akanipa pole ya kifo changu." Akacheka kabla hajamaliza kusema.

Padri akambana kidogo, ndipo akasema yote. Mtihani ulimshinda. Akaona aibu, akasema atafanya kazi yoyote ile kwanza, arudie, akifaulu ndipo aandike. Alikuwa anangoja apate la kusema. Kabla hajalipata, habari ya kaburi lake ikamfikia. Na kwa desturi yetu unajua mwenyewe, aliyezikwa harudi kupitia mlangoni kama mtu aliyetoka sokoni. Ni maiti inayotembea, watoto watakimbia, wazee watakataa mkono wake. Alimwambia padri, "Ningerudi kuwa nani?"

Sisi tulimfungia njia, Kemi. Tulichoka kungoja, tukauita uchovu wetu kifo chake. Hilo ndilo nililolijua mimi maishani kwa gharama kubwa, na sina jingine la maana kuliko hilo la kukupa.

Bibi yako aliposikia yale hakulia. Alitoka, tukamfuata mimi na padri, akaenda hadi kwenye ule mgomba, akauangalia toka chini hadi juu. Akauliza, "Sasa huyu ninayempalilia ni nani?"

Mimi nilisikia nywele za mikono zinasimama, jua likiwa la saa sita.

Tulituma ujumbe kwa njia ya padri, kwamba aje, mama mwenyewe atampokea, na atakayemkataa mkono ahame. Hakukuja jibu. Mwaka uliofuata padri alipouliza, wakamwambia mwanamke yule hafanyi kazi pale tena. Bibi yako alifariki bila kumwona. Mimi nikamwendea paroko nikamwomba tuache Misa za marehemu kwa Leokadia, tumwombee kama msafiri. Akanikubalia, akaandika.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kooni mwangu siku ile kwenye mkeka wa kahawa.

Sasa nije kwenye ule usaili, ulipotuma maombi tena nao wakataka kuongea nawe kwa kompyuta. Ulikuja kuufanyia hapa kwa sababu nyumbani kwako Kibeta, mjini, kulikuwa na ujenzi wa jirani, kelele tupu. Ukaweka kompyuta mezani sebuleni, mama yako yuko kwenye jumuiya, mimi ukanipa kazi ya ulinzi, nikakaa kwenye kiti mlangoni kufukuza kuku na wageni. Nilikuwa nakusikia. Kiingereza sikijui, lakini nilijua unasema vizuri, maana ulikuwa husiti. Mara umeme ukakatika. Ukatoka mbio, "Tata, chaji inaisha, nakimbilia betri ya sola kwa Ma Paskazia, usiruhusu mtu!" Ukapotea kibanjani.

Nikabaki mlangoni. Na ndani usaili ukaendelea.

Nilisikia sauti ya mwanamke anaongea Kiingereza, taratibu, anacheka kabla hajafika mwisho. Wazungu wakacheka naye. Kwa dakika moja sikushtuka, nilidhani ni wewe, nikasema moyoni, huyu mtoto leo anawafurahisha. Kisha nikainua macho nikakuona unatokea kwenye migomba ya jirani yetu Paskazia, umekumbatia betri kifuani, unahema.

Sikugeuka kuangalia ndani. Nikwambie ukweli, shingo ilikataa. Ulinipita, ukaingia, ile sauti ikakatika ulipokanyaga kizingiti.

Ulipomaliza ulitoka unacheka, ukaniambia, "Tata, wamenichanganya na mwombaji mwingine! Eti wamefurahi kuongea na shangazi yangu nilipotoka. Eti shangazi amewaambia niangaliwe miguu, napenda kutembea peku, na baridi ya kwao inaanzia sakafuni." Mimi nikasema, "Mtandao huo." Ukasema, "Mtandao kweli." Tukaingia kunywa chai, mimi nikaimwaga nusu kwenye kisahani, ukaniuliza kama nina homa.

Sijui ni nini, mwanangu. Mimi ni Mkristo, wafu siwaombi, nawaombea. Na huyu sijui kama ni mfu. Labda ni kweli kulikuwa na mwombaji mwingine mwenye shangazi anayecheka, kwenye laini hiyohiyo. Tangu siku ile nikisali rozari nikifika kwake sisemi marehemu na sisemi msafiri. Nataja jina tu, Mungu apange mwenyewe.

Lakini naona hakuja kukuzuia. Anayetaka kumzuia mtu hamwombei soksi.

Fidelis haoni hivyo. Alikuwa amesikia habari ya shangazi wa kwenye kompyuta, wewe mwenyewe ulimsimulia kwa kumchekesha, naye hakucheka, kama hukuona. Leo mchana ulipokuwa unasukwa barazani alinivuta pembeni ya ghala.

"Projesti, zile nywele anazofumuliwa mnatupa wapi?"

"Kwani ni mali, kaka?"

"Leo ni taka. Siku nyingine ni mtoto."

Nikamwambia sielewi. Akasema naelewa sana. Akatoa mfukoni kipande cha rubugo, kimekwisha kukatwa kwa kipimo, kumbe alitoka nacho kwake. Akasema, "Njia ni ileile na nyumba ni ileile. Huyu asiporudi, safari hii sizungumzi na mgomba. Tutakuwa na chake cha kweli. Nywele na kucha. Tutamzika vizuri, kaburi halitachipua, na wewe utalala."

"Mtoto yuko pale anacheka, wewe unapima sanda?"

"Aliyekosea kipimo mara ya kwanza ni nani? Mimi?"

Hapo alinipata. Akaenda akaketi karibu na msusi wako kama mzee anayeota jua, akakutania eti utarudi na mkalimani, wewe ukamjibu kwamba utarudi na miwani ya kumwonea yeye, mkacheka wote wawili. Na huku akicheka nilimwona mkono wake unaokota nywele chini, na zile kucha ulizokata asubuhi ukaziacha kwenye kigae. Alizifunga zote ndani ya lile rubugo. Akaja akanipa, akasema, "Weka darini, pakavu." Akaondoka.

Usimchukie. Yeye ndiye aliyeongea siku ile mbele ya ukoo, na habari ya padri ilimvunja kuliko ilivyonivunja mimi. Tangu hapo anatafuta namna ya kufanya kitu kilekile kwa usahihi. Watu wengi hufia hapo.

Nilikipokea kile kifurushi kikiwa chepesi kama nyoya. Nikaelekea ndani nikiwa nimekishika kiganjani. Kufika jikoni kilikuwa na uzito wa kifaranga cha siku chache, na kina joto. Siongezi chumvi. Nilisimama pale nikifikiri kwamba Fidelis huenda ana haki. Ni safari ndefu. Watu hufa. Usiporudi, na isipopatikana hata taarifa, nitakuwa mzee sina pa kuweka ua, na kama kuna roho inayohangaika nitakuwa nimeinyima kitanda kwa mkono wangu. Niliona wazi kabisa nitakavyojuta. Nikaona pia kwamba kama kifurushi kipo darini, siku ya kwanza utakapochelewa kupiga simu nitainua macho nitazame dari. Siku ya pili nitaleta ngazi.

Nikakitia motoni, chini ya sufuria ya ndizi.

Ile harufu uliyoiuliza ilikuwa ndiyo. Mama yako alisema kuna anayeunguza manyoya ya kuku, nikasema ni mimi. Rubugo liliwaka polepole, na lilipofunguka nilisikia kitu kama mtu anavuta pumzi ndefu ndani ya jiko, kisha kuni zikatulia. Nikasali Baba Yetu mpaka likawa jivu, jivu nikalimwaga mtoni mwenyewe, sikulipeleka kibanjani.

Kwa hiyo Kemi, uende ukijua hivi. Huko utashindwa mambo. Utakuwa mkubwa kuliko wenzako darasani au mdogo kuliko wote, Kiingereza chako kitawachekesha, kuna siku utaona walikosea kukuchagua. Siku hiyo ndiyo utupigie. Usingoje upate la kusema. Piga ukae kimya tu kwenye simu, nami nitakaa kimya huku, tutasikilizana tukipumua mpaka salio liishe. Ukifukuzwa, njoo. Ukibadili jina, njoo. Ukipotea miaka, hata aibu iwe nene kiasi gani, njoo hivyohivyo, uingie mlangoni bila kubisha.

Kesho ukishaondoka Fidelis atanifuata kuuliza nimeweka wapi. Nitamwambia sina. Atasema, "Sasa asiporudi tutazika nini?" Nimeshaliandaa jibu langu na ninalijua lina hofu ndani yake, lakini ndilo hilo. Nitamwambia, hatutazika. Tutangoja.

Naona mmemaliza kubishana, umekuja kusimama mlangoni unauliza ninaandika nini. Nakuja kula.

Ni mimi baba yako, niliye hai, ninayekujua kuwa hai,

Projesti